Bima Hailipi Mzigo: Somo la Gemu la Meli za Anga kwa Sisi Tunaouza Mtandaoni



Leo nakuja na maoni ambayo wengine mtanicheka, ila naomba msome hadi mwisho ndipo mnishambulie kwenye komenti. Naona muuzaji mdogo wa mtandaoni anaweza kuielewa bima vizuri zaidi kupitia gemu moja la kompyuta kuliko kupitia vile vipeperushi tunavyoachiwa na mawakala. Gemu lenyewe linaitwa EVE Online. Ni la meli za anga za juu, limetengenezwa na kampuni ya CCP ya Iceland, na linachezwa tangu Mei 2003.

Kwa nini gemu hili? Kwa sababu uchumi wake unaendeshwa na wachezaji wenyewe. Meli karibu zote zinaundwa na wachezaji, kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji, halafu zinauzwa sokoni kwa bei inayopanda na kushuka kama ya nyanya. Kuna sehemu inaitwa Jita, hiyo ndiyo Kariakoo ya humo ndani: kila kitu kipo, watu wamejaa, na vibaka nao wameshajua hivyo. Mwaka 2007 kampuni ilimwajiri mchumi kabisa, Eyjólfur Guðmundsson, kazi yake kuufuatilia uchumi huo. Na meli yako ikilipuliwa, imelipuliwa. Huwezi kubonyeza kitufe ukarudi nyuma. Hela uliyoitafuta wiki tatu inakwenda kwa sekunde kumi.

Mimi nauza vyombo vya jikoni na natuma mikoani karibu kila wiki. Usiku nikishamaliza kufunga oda hucheza kidogo, na humo ndani kazi yangu ni ileile: nanunua hapa, nasafirisha kule, nauza. Kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona pande zote mbili.

Msimamo wangu ni huu: wengi wetu tukisikia neno bima tunawaza "nimelindwa". Gemu hili litakuonyesha kwamba swali la kwanza ni "nimelindwa nini hasa?", na jibu lake mara nyingi ni dogo kuliko ulivyodhani.

Bima ya humo inavyofanya kazi

Hela ya gemu inaitwa ISK. Unakwenda kituoni, unachagua meli, unachagua daraja la bima, unalipa, basi. Kwa muundo ambao gemu limeutumia kwa miaka mingi, madaraja ni sita:

Daraja la 1: unalipa asilimia 5 ya thamani ya meli, ikilipuliwa unapata asilimia 50.
Daraja la 2: unalipa 10, unapata 60.
Daraja la 3: unalipa 15, unapata 70.
Daraja la 4: unalipa 20, unapata 80.
Daraja la 5: unalipa 25, unapata 90.
Daraja la 6, ambalo linaitwa Platinum: unalipa 30, unapata 100.

Bima inadumu wiki 12. Zikiisha hujalipa tena, huna bima. Na sasa sikiliza kitu ambacho wageni wengi hawakioni: hata usipokata bima kabisa, meli ikilipuliwa unarudishiwa asilimia 40 bure.

Hebu tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Chukua meli yenye thamani ya ISK milioni 10. Ukichukua Platinum unalipa milioni 3, ikilipuliwa unapewa milioni 10. Mtu atasema, nimetoa 3 nimepata 10, dili hilo! Ngoja kwanza. Bila bima ungepata milioni 4. Kwa hiyo milioni 3 zako zimekununulia milioni 6 za ziada.

Angalia na daraja la 1. Unatoa laki 5, unapewa milioni 5. Ziada juu ya zile 4 za bure ni milioni 1. Laki 5 imekununulia milioni 1.

Fanya hivyo kwa madaraja yote, jibu halibadiliki. Kila ISK moja unayotoa inakuletea mbili za ziada, endapo tu meli italipuliwa ndani ya wiki 12. Platinum jina lake linang'aa, lakini kwa kila shilingi uliyotoa hailipi zaidi ya daraja la chini kabisa. Unachonunua ni kiasi kikubwa zaidi cha kitu kilekile.

Maana yake ni nini? Kama uwezekano wa meli yako kulipuliwa ndani ya wiki 12 umezidi nusu, bima inakulipa. Kama haufiki nusu, kwa wastani unatoa hela nyingi kuliko utakazopata. Anayepeleka meli vitani kila Jumamosi anakata bila kufikiria mara mbili. Anayechimba madini kwenye kona tulivu anaweza kukaa mwaka mzima bila kukata na akawa yuko sawa kabisa.

Hapo ndipo napenda kumsimamisha muuzaji mwenzangu anayeuliza "bima ipi nzuri?" Ndugu yangu, anza na hatari yako. Mzigo wako unapotea mara ngapi kati ya safari mia moja? Kama hujui, fungua daftari uhesabu. Bila namba hiyo, wakala yeyote mwenye maneno matamu atakuuzia jina linalong'aa.

Na tofauti moja lazima niiseme ili nisikudanganye. Kwenye gemu, ISK za fidia zinatoka hewani, mfumo unaziumba tu. Kampuni ya bima ya mtaani haiumbi hela. Inakusanya ada za watu wengi, inalipa wachache walioumia, inalipa mishahara na ofisi, kisha inabaki na chake. Kwa hiyo kwa wastani watu wote kwa pamoja wanatoa zaidi ya wanachopata. Si wizi, ndivyo bima ilivyo. Ila inakupa kanuni: kata bima kwa hasara ambayo ikitokea itafunga biashara yako. Hasara ndogondogo za kila mwezi, sahani kuvunjika, kikombe kupotea, ziwekee akiba yako mwenyewe.

Inalipa bodi, vilivyomo ndani ni juu yako

Hili ndilo lililonifanya niandike. Bima ya EVE inalipa meli tupu, yaani bodi. Bunduki ulizofunga, ngao, injini za kuongeza kasi, hazimo. Mzigo ulioubeba haumo hata kidogo. Unaweza kuwa na meli ya milioni 10 yenye mzigo wa milioni 500, ukalipuliwa, ukapewa milioni 10 zako na pole juu.

Na aliyekulipua? Meli ikipasuka, kila kitu kilichokuwa ndani kina nafasi kama nusu kwa nusu ya kuharibika au kubaki kwenye mabaki. Kinachobaki anakizoa. Kwa hiyo maharamia wa humo wana vifaa vya kuchungulia mzigo wako kabla hawajakugusa. Wanapiga hesabu: nusu ya mzigo huu ina thamani gani, na kumlipua kutanigharimu nini? Ikizidi, umekwisha.

Kwenye maeneo yanayoitwa salama kuna polisi wa gemu, wanaitwa CONCORD. Ukishambuliwa huko, wanakuja na wanamlipua mhalifu, hakwepi. Lakini hawaji kabla. Wakifika, mara nyingi wewe umeshageuka vyuma chakavu. Wanaadhibu tu, mzigo wako hawakurudishii. Ndiyo maana wabebaji wazoefu hawategemei polisi wala bima. Wanachotegemea ni kutobeba mzigo wa thamani ya kumtamanisha mtu kwa safari moja. Mzigo wa milioni 500 wanaugawa mara tano.

Sasa rudi kwetu. Mwaka jana boksi langu la sahani lilipotea likiwa safarini kwenye basi. Ofisi walichonirudishia ni nauli ya mzigo, kwamba "huduma haikukamilika". Thamani ya sahani? Hawakutaka hata kuizungumzia. Basi lao najua lina bima, stika ipo kwenye kioo. Lakini hiyo ni ya basi. Boda anayekupelekea mizigo naye pikipiki yake ina bima. Hiyo ni bima ya pikipiki na ya ajali barabarani. Blenda yako iliyofungwa nyuma hapo haijatajwa popote.

Wapo wauzaji wanaowaambia wateja "usijali, usafiri wetu una bima". Waulize bima hiyo inalipa nini. Wengi hawajui. Mteja akilia, wanalipa mfukoni mwao.

Thamani ya nani?

Jambo la tatu. Humo ndani kuna meli za kawaida na kuna meli za hali ya juu, zinazotengenezwa kwa vifaa adimu. Bima inakadiria thamani kwa kuangalia malighafi za msingi, haiangalii bei uliyonunulia sokoni. Kwa meli za kawaida tofauti si kubwa. Kwa zile za hali ya juu, fidia hata ya Platinum ni sehemu ndogo tu ya bei ya kununua nyingine. Wenye meli hizo wengi hawajisumbui kukata. Wanajua asilimia 100 ya thamani iliyokadiriwa kidogo ni kidogo.

Hapa kuna mtego kwetu pia. Ukiandikisha stoku yako kwa bei uliyonunulia mwaka juzi, halafu dola ikapanda na bei ya jumla ikapanda, siku ya janga utalipwa kwa namba ya zamani na sokoni utakuta namba mpya. Neno "asilimia mia" lisikulewesha. Uliza: asilimia mia ya nini, kwa bei ya siku gani, na nani anapanga?

Dhamana: kitu ambacho humo kinashinda bima

Kama bima hailipi mzigo, wafanyabiashara wa EVE wanatumaje mali za mamilioni? Wanatumia mikataba ya usafirishaji yenye dhamana. Wewe mwenye mzigo unaandika mkataba: toa kutoka hapa, peleka pale, malipo ni haya, siku ni hizi, na dhamana ni kiasi hiki. Msafirishaji akikubali, kiasi cha dhamana kinakatwa kwenye akaunti yake papo hapo na kushikiliwa. Akifikisha mzigo, anapata malipo yake na dhamana inarudi. Asipofikisha, kwa kulipuliwa au kwa kuamua kutoroka nao, dhamana ni yako.

Umeona uzuri wake? Huhitaji kumjua. Huhitaji kuuliza kama ni mtu wa dini au mtoto wa mtaani kwenu. Akiiba mzigo wa milioni 50 ulioushikia dhamana ya milioni 55, ameununua kwa bei ya juu. Unamshukuru tu.

Lakini dhamana nayo ina pande mbili. Ukiweka dhamana kubwa na malipo kiduchu, mkataba wako unakaa pale hadi unaisha muda, hakuna anayeugusa. Na wapo matapeli wanaoweka dhamana kubwa kuliko thamani ya mzigo, kisha wanamvizia msafirishaji njiani wamlipue wale dhamana yake. Kwa hiyo wasafirishaji wazoefu nao wanakagua kabla ya kukubali.

Kwetu mtaani hatuna mfumo wa kukata dhamana kwa kubonyeza. Boda wengi hawana laki mbili ya kukuachia, na kumdai ni kumwonea. Ila wazo lenyewe linatumika. Kwa mzigo mdogo, boda unayemwamini anaweza kukulipa kwanza kisha akachukua hela kwa mteja, na wewe ukamwongezea nauli kwa sababu amebeba hatari yako. Kwa mzigo mkubwa, mteja alipe yote au sehemu kubwa kabla haujaondoka. Kwa usafiri wa mkoani, tafuta ofisi inayokubali kuandika thamani ya mzigo kwenye risiti na kusema kwa maandishi italipa kiasi gani ukipotea. Kama wanadai nyongeza ya nauli kwa hilo, kwa mzigo wa maana naona ilipwe. Wakikataa kuandika chochote, hatari yote iko kwako, na bei yako ya kuuzia iwe inalijua hilo.

Fidia ikizidi thamani, watu wanachoma

Hii hadithi ya kweli ya gemu naipenda sana. Zamani fidia ilikuwa imepangwa kwa namba zisizobadilika. Bei ya madini ikashuka sokoni, kuunda meli kukawa rahisi, fidia ikabaki palepale. Wachezaji wakapiga hesabu haraka: unaunda meli, unakata bima ya juu, unailipua mwenyewe, unachukua fidia, unaunda nyingine. Kiwanda cha kutengeneza meli za kuharibu! Mwaka 2010 CCP walibadilisha, fidia ikaanza kufuata bei ya madini sokoni.

Bado pakabaki tundu jingine. Yule haramia anayelipuliwa na CONCORD baada ya kukushambulia, naye alikuwa analipwa bima ya meli yake! Yaani mfumo ulikuwa unamsaidia gharama za kukuvamia. Mwishoni mwa 2011 wakaziba: ukilipuliwa na polisi kwa uhalifu wako, hupati kitu.

Sasa ndugu muuzaji, wewe pia ni kampuni ya bima bila kujijua. Ukiandika kwenye ukurasa wako "mzigo usipofika tunarudisha hela yote", hiyo ni bima umempa mteja, na ada yake umeificha ndani ya bei. Nakubaliana nayo, inaleta imani. Lakini ukirudishia hela kila anayesema "haijafika" bila ushahidi wowote, umefungua kiwanda cha kutengeneza hasara. Tabia za wachezaji zilifuata hesabu, na za wateja zitafuata hesabu. Wengi ni waaminifu. Wachache wanatosha kukumaliza.

Ziba mapema. Piga picha mzigo ukiwa umefungwa na jina la mteja likionekana. Mpokeaji apigwe picha na mzigo, au ataje namba uliyomtumia. Anayedai kimevunjika atume video akifungua boksi. Na boda aliyepoteza mzigo kwa kuuacha nje ya baa, usimlipe nauli ya siku hiyo kana kwamba hakijatokea kitu. Msipokubaliana hilo kabla, siku ikitokea mtagombana.

Siku ya kulipa ikipita

Januari 2014 kulitokea vita kubwa humo, eneo linaitwa B-R5RB. Ilidumu zaidi ya saa 20, na meli kubwa kabisa za aina ya Titan 75 ziliteketea. Thamani ya vilivyopotea ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za kweli. Chanzo? Ada ya kumiliki eneo hilo haikulipwa kwa wakati. Umiliki ukaanguka, maadui wakaingia. Malipo yaliyopita siku yake yakawasha moto wote ule.

Wiki 12 za bima nazo zinaisha kimyakimya namna hiyohiyo. Kwetu ni bima ya duka, leseni, kodi ya stoo, hata bando la namba ya biashara. Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla. Hiyo haigharimu chochote.

Hela ya kusimama tena

Kuna gemu lingine la anga, Elite Dangerous, la kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza, lilitoka Desemba 2014. Lenyewe hulipi ada mapema. Meli ikiharibika unatoa asilimia 5 ya thamani ya meli na vifaa vyake, unarudishiwa ileile. Rahisi sana, si ndiyo? Lakini mzigo umekwenda, haurudi. Na kama asilimia 5 hiyo huna, na mkopo unaopewa na gemu hautoshi, unarudi kuanza na kijimeli kidogo kabisa. Watu wamepoteza kazi ya miezi kwa sababu waliweka hela yote kwenye meli nzuri, wakasahau kubakiza ile asilimia 5.

Wachezaji wa EVE nao wana kanuni wanayomwambia kila mgeni: usirushe meli ambayo huwezi kumudu kuipoteza. Wengine wanaiona ya woga. Mimi naiona kanuni bora ya mtaji mdogo niliyowahi kusikia. Kama una milioni moja, usinunue mzigo wa milioni moja. Nunua wa laki 7 na nusu. Robo inayobaki siyo uvivu, ndiyo itakayokusimamisha mzigo ukizama.

Najua atakayesema, "wewe unatuletea mambo ya gemu, sisi tuna watoto wa kulisha." Ni kweli, na kuna tofauti kubwa: humo fidia inaingia sekunde hiyohiyo, hakuna fomu, hakuna mkaguzi, hakuna "rudi Jumatatu". Huku unatakiwa uwe na risiti, picha na subira. Lakini kwa kuwa huku kuna watoto wa kulisha, ndiyo sababu ya kujifunza mahali ambapo hasara ni ya hela za kufikirika.

Kwa hiyo kabla hujakata bima yoyote au kutuma mzigo wowote wa maana, jibu haya kwa kalamu:

1. Kati ya mizigo 100 niliyotuma, mingapi ilipotea au kuharibika?
2. Hasara hii ikitokea kesho, biashara inafungwa au inayumba tu? Inafungwa, tafuta bima. Inayumba, weka akiba.
3. Bima hii inalipa chombo, mzigo, au vyote? Imeandikwa wapi?
4. Thamani imekadiriwa kwa bei ya lini?
5. Msafirishaji wangu anapoteza nini yeye mwenyewe mzigo ukipotea? Kama jibu ni "hapotezi kitu", badilisha makubaliano au mbadilishe yeye.
6. Ahadi ninayompa mteja inahitaji ushahidi gani?
7. Inaisha tarehe ngapi?

La tatu na la tano ndiyo naona tunayaruka zaidi. Tunaona stika kwenye kioo cha basi, tunalala usingizi.

Wewe unatumaje mizigo yako mikoani, na umewahi kupata ofisi iliyokubali kuandika thamani ya mzigo kwenye risiti? Niambie kwenye komenti na taja mkoa unaotuma. Mtumie na mwenzako anayetuma mzigo wiki hii. Kazi iendelee.